Giaboksi Inavuja: Usibadilishe Sili Kabla ya Kujua Kilichoiua

Sili ya giaboksi ni pete ya mpira na bati inayoenea kiganjani, inayozuia oili isitoke pale shafti inapopita. Kazi iko kwenye kuifikia: pengine saa moja ukiwa umelala chini ya gari, pengine siku nzima giaboksi ikiwa imeteremshwa sakafuni. Ndiyo maana inauma sili mpya inapoanza kutonesha wiki ya tatu. Mara nyingi lawama huishia kwenye sili, "hiyo ilikuwa feki". Wakati mwingine ni feki kweli. Lakini kwenye gari la miaka ishirini na kuendelea, sili haifi bure. Utakuta shafti inacheza, kipumulio (kijitundu cha hewa juu ya giaboksi) kimeziba, chuma kimechimbika mfereji, au mtu alijaza oili kupita kiasi. Usipomjua muuaji, utanunua sili nyingine.

Kwanza, hiyo ni oili gani?

Doa lililo chini ya giaboksi si ushahidi kwamba giaboksi inavuja. Injini iko mbele yake, na gari likitembea upepo husukuma kila kinachovuja kuelekea nyuma. Kifuniko cha vali kikitoa unyevu kidogo juu kabisa nyuma ya injini, oili huteremka ukutani, hupita kwenye kiungio cha injini na giaboksi, kisha hutonea pale pale unapoitafuta oili ya gia. Swichi ya presha ya oili na kona ya nyuma ya gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) nazo hucheza mchezo huo huo.

Weka katoni safi chini ya gari usiku, asubuhi chukua tone kwa kidole unuse. Oili ya gia ina kiberiti, na harufu yake ni ya kitunguu kilichooza. Ukiinusa mara moja huisahau. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, nyepesi kidogo, na hunuka kuungua. Majimaji mekundu ni oili ya gia za otomatiki, na usishangae: ziko giaboksi za mkono zinazotumia oili hiyo tangu kiwandani, kama ilivyo kwa baadhi zinazotumia oili ya kawaida ya injini. Kwa hizo pua haitakusaidia. Kama majimaji ni mepesi, yanateleza bila kuwa mazito, yanayeyuka kwenye maji na yanababua rangi, hayo ni mafuta ya breki kutoka silinda ya chini ya klachi, na giaboksi haina kosa lolote.

Usipaniki kwa ukubwa wa doa. Mililita moja ni karibu matone ishirini, kwa hiyo gari linalodondosha matone kumi kila usiku hupoteza takriban nusu mililita, chini ya robo lita kwa mwaka mzima. Giaboksi nyingi za magari madogo hubeba lita 1.5 hadi 3. Ukihesabu hivyo, unaweza kujidanganya kwamba hakuna haraka. Tatizo ni kwamba katoni haioni kinachotoka barabarani, wakati oili ni ya moto, imekuwa nyepesi na inarushwa na gia kwenye kuta zote. Kuna giaboksi zinazoacha tone moja usiku na kumaliza nusu lita kwa mwezi. Ukweli uko kwenye kiwango cha oili, si kwenye doa.

Kukipima, gari lazima liwe limelala sawa, magurudumu yote manne juu ya stendi au gari likiwa juu ya shimo la karakana. Ukiinua mbele peke yake unapima uongo. Wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Legeza nati ya kujazia, ile iliyo ubavuni, halafu ingiza kidole na ukikunje: oili iwe ukingoni mwa tundu au chini yake kidogo sana. Ikibubujika ulipofungua, huenda umeshampata muuaji, maana aliyejaza alizidisha.

Na kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya nati ya kumwagia. Kwenye magari ya zamani nati ya kujazia mara nyingi imeganda, na kama ni ya mraba wa ndani, kona zake zilishalika. Ukimwaga kwanza kisha ikakataa kufunguka, una gari lisilo na oili na lisiloweza kutoka hapo lilipo.

Kuosha ndio uchunguzi

Hakuna fundi anayeweza kuona chanzo cha uvujaji kwenye giaboksi iliyovaa koti la tope na oili la miaka kumi. Kwangua lililoganda kwa kijiti cha mbao, paka dawa ya kuyeyusha grisi, piga brashi, suuza, kausha. Ziba kipumulio kwa muda na funika swichi za umeme kabla ya maji. Kisha nyunyiza poda ya talki juu ya chuma kikavu, endesha kilomita kumi na tano hadi ishirini ili oili ipate moto, rudi uingie chini na tochi. Poda hubadilika rangi pale oili inapopita. Tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, kwa sababu oili hushuka na kurudi nyuma, haipandi. Kwa uvujaji wa polepole kuna rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kuonekana kwa taa ya zambarau. Inafaa, ingawa kwa giaboksi nyingi poda inatosha.

Mahali pa kuangalia si pengi. Juu kuna sili ya shafti ya kubadilishia gia na swichi ya taa za rivasi. Ubavuni kuna kidude cha waya wa spidi chenye o-ringi yake. Nyuma kuna sili ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa linalovutwa na ya mbele kuna sili mbili za ekseli, kulia na kushoto. Kuna kiungio cha vipande vya boksi lenyewe, nati mbili za oili, na mwisho sehemu isiyoonekana, ndani ya nyumba ya klachi.

Swichi ya rivasi ina hila yake. Watu hubadilisha washa (pete bapa ya kuzibia) iliyo chini yake, oili inaendelea. Ukitazama vizuri utaona haitoki kwenye nyuzi bali katikati ya swichi yenyewe, pale plastiki inapokutana na chuma. Hiyo haizibwi, inabadilishwa nzima. Waya wa spidi nao ni mwizi mtulivu: sili yake ndogo ya ndani ikichoka, oili hupanda ndani ya ala ya waya taratibu mpaka ifike nyuma ya dashibodi. Mshale wa spidi ukianza kunata na kuna harufu ya vitunguu kwenye usukani, anzia huko.

Kipumulio, kabla hujagusa kitu kingine

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Giaboksi ikipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka. Chukua hewa ya nyuzi 20 uipashe hadi 80 bila kuipa njia ya kutoka: presha hupanda kwa takriban asilimia 20, sawa na kama ba 0.2 juu ya hewa ya nje. Ni kidogo ukilinganisha na tairi, lakini mdomo wa sili umetengenezwa kuzuia oili inayorushwa, si presha. Oili hupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote, na siku ukiibadilisha hiyo, hupitia ya pili.

Kipumulio ni kofia ndogo ya bati au kijibomba juu ya boksi, na juu ndiko vumbi na tope hukaa. Kizungushe kwa vidole. Kofia nyingi huzunguka na kucheza juu chini. Kikiwa kimeganda, kitoe, kioshe kwa petroli, kipitishe waya mwembamba, puliza. Usipitishe waya kikiwa bado kimefungwa, uchafu wote utaangukia ndani. Kipumulio kilichoziba kina dalili nyingine: boksi la moto likipita kwenye dimbwi hupoa ghafla, hunyonya, na maji huingia kwa kupitia sili. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, umeshajua.

Safisha kipumulio, rekebisha kiwango, osha, endesha kwa wiki moja. Baadhi ya uvujaji huishia hapa bila kununua chochote, na huu ndio ushauri ambao karakana chache hutoa kwa sababu hakuna cha kuandika kwenye bili.

Shafti inasema nini

Sasa umeona sili ya nyuma au ya ekseli imelowa kweli. Kabla ya kuagiza, shika propela karibu na giaboksi, isukume juu na chini. Mzunguko mdogo ni wa kawaida. Mchezo wa juu na chini unaousikia kwa mkono si wa kawaida: bushi (pete ya chuma inayoshikilia shafti) ya mkia wa giaboksi imelika, na shafti inapigapiga mdomo wa sili. Sili mpya hapo ni ya kupoteza muda. Bushi nyingi hubadilishwa bila kushusha boksi, kwa kifaa cha kuvutia au kwa kutoa mkia pekee. Kwa ekseli za mbele fanya vivyo hivyo pale inapoingia kwenye boksi, ukikumbuka kwamba uwazi kidogo upo kiasili; linganisha kulia na kushoto.

Kwa gari la propela: zuia magurudumu kwa vizuizi, kwa sababu propela ikitoka, kuweka gia hakushikilii gari tena. Tia alama kwenye flenji ili propela irudi vilivyokuwa, la sivyo utaleta mtetemo ambao haukuwepo. Mwaga oili kwanza, au inua nyuma ya gari, maana ukichomoa mkia wa propela oili itafuata. Kwa ekseli za mbele mwaga kabisa, legeza nati ya kitovu gari likiwa bado chini, achanisha boljointi, kisha sukuma ekseli itoke kwa mtaimbo ulioegemezwa kwenye chuma nene. Usivute kwa kushika ekseli yenyewe. Utachomoa jointi ya ndani badala ya ekseli. Kwenye baadhi ya giaboksi ukitoa ekseli zote mbili kwa pamoja, gia ndogo za difu (sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) hujigeuza au kuangukia ndani. Toa moja, maliza, rudisha, ndipo uende ya pili.

Sili ya zamani ikiwa imetoka, panguza shafti na upitishe ukucha pale mdomo ulipokuwa ukigusa. Mng'ao tu si tatizo. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa mahali pale pale itavuja kuanzia siku ya kwanza au muda mfupi baadaye. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuigonga sili mpya ikae milimita moja au mbili nje ya ilipokuwa, ili mdomo uguse chuma kizima. Hakikisha tu haizibi tundu la kurudishia oili na haigusi kinachozunguka. Ya pili ni kuvisha shafti ala nyembamba ya chuma cha pua inayouzwa kwa kazi hiyo, isiyofika nusu milimita kwa unene, na sili inabaki ya kipimo kile kile. Kusugua mfereji kwa msasa mpaka uishe ni kuharibu: unapunguza kipenyo, na mikwaruzo inayokwenda mshazari hugeuka pampu ya kutolea oili nje.

Sasa sili yenyewe. Namba zake huandikwa usoni, kwa mfano 35x50x8: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nyumba, unene. Namba zikilingana bado si mwisho. Sili nyingi za ekseli zina vimistari vya mshazari mdomoni vinavyorudisha oili ndani shafti ikizunguka upande mmoja, na mshale unaoonyesha upande huo. Ya kulia ikiwekwa kushoto inapampu nje. Mpira mweusi wa kawaida huvumilia joto la nyuzi 100 hivi. Ule wa daraja la juu, ambao mara nyingi ni wa kahawia, huvumilia karibu maradufu. Kwa giaboksi, ule wa kawaida unatosha kama haujakaa rafu miaka mingi. Ukunje mdomo wake kidogo: ukiwa mgumu kama kadi, mrudishie muuzaji.

Upande wenye springi ndogo unaangalia oili. Jaza grisi kwenye mfereji wa springi ili isiruke wakati unagonga, na paka oili ya gia mdomoni, maana mdomo ukizunguka mkavu huungua kabla gari halijatoka karakana. Safisha nyumba ya sili, gonga kwa soketi kubwa au kipande cha bomba kinachokalia ukingo wa nje, taratibu, ukizunguka ili isiingie upande. Wakati wa kurudisha ekseli, meno yake ni visu. Funika mdomo kwa karatasi laini ya plastiki iliyokunjwa kama mrija, pitisha meno, kisha vuta plastiki. Weka klipu mpya mwishoni mwa ekseli, sukuma mpaka usikie inanasa, na uvute kidogo kuhakikisha.

Uvujaji ulioko ndani ya nyumba ya klachi

Tone likitoka kwenye tundu la chini kati ya injini na giaboksi, washukiwa ni watatu: sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), sili ya mbele ya giaboksi, au silinda ya klachi kama imefungwa ndani. Toa kifuniko kidogo cha ukaguzi kama kipo, au ingiza kamera ndogo ya waya. Sili ya krenki hulowesha mgongo wa injini na upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya krenki) unaotazama injini. Klachi yenyewe inaweza kubaki kavu kwa muda kwa kuwa flaiwili inaikinga. Sili ya giaboksi hulowesha bomba inapotelezea rilisi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie), uma wa klachi, na ukuta wa upande wa boksi. Ukiwa bado na shaka, pima viwango vyote viwili leo, endesha kilomita elfu moja, pima tena. Kinachoshuka ndicho kinachovuja. Klachi ikianza kutetemeka wakati wa kuondoka, oili imeshafika kwenye disiki.

Hapa boksi linashuka. Toa waya hasi wa betri, mwaga oili, ondoa mkono wa gia, propela au ekseli, stata, waya wa spidi. Silinda ya klachi ya nje ning'iniza pembeni bila kufungua mpira wake. Tegemeza injini chini ya sampu kwa ubao. Bolti za juu ndizo hukera: ekstenshoni ndefu na jointi ya kukunja, ukipitia nyuma juu ya mkia, mara nyingi hufika kuliko kung'ang'ana kutoka juu. Kubeba boksi dogo ni kama kumbeba mtoto wa darasa la tano, na lina kona, kwa hiyo tumia jeki ya giaboksi au mwenzako. Usiliache lining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi hata kwa dakika moja. Kitovu cha disiki hupinda.

Sili ya mbele iko ndani ya kifuniko chenye bomba la rilisi beringi. Unapokifungua angalia shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi) zilizo nyuma yake. Zirudi zote, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu ndizo zinazobana beringi. Shika shafti uitikise. Mchezo kidogo upo, kwani ncha yake ya mbele hushikwa na beringi ndogo iliyo kwenye krenki, lakini ikiyumba sana au ikikwaruza unapoizungusha, beringi imekwisha na sili ilikuwa mhanga tu.

Sasa geuza kifuniko ukitazame kwa ndani. Giaboksi nyingi zina kijitundu au mfereji chini ya beringi hiyo unaorudisha oili ndani ya boksi. Gasketi ina uwazi unaolingana nao. Mtu akifunga gasketi kinyume, au akamwaga silikoni kwa ukarimu, njia hiyo huziba, oili hujaa nyuma ya sili na haina pa kwenda isipokuwa kwenye klachi. Sili mpya, shafti nzima, beringi nzima, na bado inavuja: fungua utakuta mkanda wa silikoni tunduni. Silikoni ni uzi wa milimita mbili tu kwa sehemu isiyo na gasketi, na bolti zinazotoboka hadi ndani ya boksi zipakwe kidogo kwenye nyuzi. Nyuso za alumini zisikwanguliwe kwa bisibisi.

Giaboksi kadhaa za zamani hazina sili ya mbele kabisa. Zina mtaro wa mzunguko kama nyuzi za skrubu unaorudisha oili ndani shafti ikizunguka. Hizo huvuja kidogo zikiegeshwa pua chini mlimani, na zikijazwa kupita kiasi huvuja popote. Hakuna cha kubadilisha hapo, ila mtaro ukiwa umelika.

Boksi likiwa chini, badilisha sili ya krenki na rilisi beringi pia. Disiki iliyolowa oili haioshwi ikapona. Petroli inatoa ya juu, joto linaitoa ya ndani. Wakati wa kurudisha, sawazisha disiki kwa kishikizo chake, na boksi lisogee kwa mkono mpaka likutane na injini. Likibakiza sentimita moja, usilivute kwa bolti. Utapasua sikio la boksi.

Oili ya kurudisha

Fuata kitabu cha gari, hata kama muuzaji anasema ya kisasa ni bora. Kwa giaboksi zenye sinkro (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) za shaba, pale kitabu kinaposema oili ya daraja la GL-4, usiweke GL-5 ya difu: viungo vyake vya kiberiti ni vikali kwa shaba, na utelezi wake huzifanya sinkro zishindwe kushika, gia zinaanza kukwaruza. Oili nyepesi kuliko iliyoandikwa hutoroka kirahisi zaidi. Dawa za kuzuia uvujaji hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, kwa hiyo zinaweza kukununulia miezi michache. Kwa mdomo uliochanika au shafti yenye mfereji ni pesa iliyomwagwa pamoja na oili.

Kabla ya kufunga nati ya kumwagia, tazama sumaku yake. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyovishika kwa vidole, au chenga za dhahabu kwenye oili, vinamaanisha sili si tatizo lako kubwa. Weka washa mpya, au pasha ile ya shaba mpaka iwe nyekundu uipoze ili ilainike tena. Kaza kwa kipimo cha kitabu, kwa sababu nyuzi za alumini hazisamehe.

Ukimaliza, pima kiwango baada ya kilomita 50, kisha 500. Matone ya siku mbili tatu za mwanzo yanaweza kuwa oili ya zamani iliyojificha kwenye kona za nyumba ya klachi na kwenye mbavu za boksi. Panguza, weka katoni mpya, andika juu yake wapi ilipo injini na wapi ilipo giaboksi, na uandike tarehe. Katoni ya siku ya nne ndiyo ya kuamini.